Mwalimu Abdulrahmani Ateremshwa Darasa la Kwanza

Pale Nangumbu, chini ya vilima vya Umatumbi, hapakuwa na mtu aliyejua kutembea kama Mwalimu Abdulrahmani. Watu walisema akipita njiani hata kuku humpisha. Kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake, kofia ya viua imekaa kichwani kana kwamba alizaliwa nayo. Mwandiko wake ubaoni ulipendeza hata mwanafunzi wa zamu alisita kuufuta. Alikuwa mtu wa Kivinje, mwana wa mji, aliyesomea ualimu akafuzu, na miaka yote aliyokaa Nangumbu alikuwa na darasa moja tu: la nne.

Darasa la nne ndilo lenye mtihani. Enzi zile za Mwingereza, mtoto akishinda mtihani ule alikwenda shule ya kati, akavaa kaptura ya kaki, akarudi likizo na maneno mapya mdomoni. Akishindwa alishika jembe, na habari yake ikaishia hapo. Kila mwaka Abdulrahmani alipeleka watoto shule ya kati, na kila mwaka Jumbe Huseni, mkubwa wa kijiji, alichinja mbuzi na kumwalika mwalimu akae upande wake wa kulia.

Jambo moja halikusemwa, kwa sababu hakuna aliyeliona kuwa ni jambo. Walioshinda walikuwa watoto wa Nangumbu penyewe: wa jumbe, wa mwenye duka, wa karani wa baraza, wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Watoto wa vilimani, waliotelemka kila asubuhi kutoka Luhingo na vitongoji vya huko, walianza darasa la kwanza wengi kama siafu. Darasa la pili walipungua, la tatu wakawa wa kutafutwa, na la nne alibaki mmoja au hakubaki mtu. Watu walisema ndivyo walivyo, vichwa vyao ni vya jembe. Abdulrahmani naye alisema hivyo hivyo. Hakuwa na chuki. Alisema kama mtu anavyosema maji ya bahari yana chumvi.

Mwaka wa hamsini na mbili akaletwa mwalimu mkuu mpya, jina lake Nikodemo, mtu wa Rondo, mfupi, mnene kidogo, mwenye baiskeli iliyopiga kelele kuliko kengele ya shule. Alikuwa Mkristo katika kijiji cha Waislamu, lakini alijua kusalimu na kicheko chake kilikuwa karibu, na haikuchukua muda watu wakamzoea. Abdulrahmani alimkaribisha kwa heshima zote. Aliwajua wakuu wa shule: huja, huondoka, na darasa la nne linabaki lake.

Majuma ya mwanzo Nikodemo hakubadili kitu. Aliingia madarasani, akaenda kukaa nyuma kabisa, kwenye benchi la watoto, magoti yakikaribia kidevu, akasikiliza. Asubuhi alisimama karibu na ile rimu ya lori iliyotundikwa mtini kuwa kengele, akatazama watoto wanavyoingia. Shule ilikuwa na desturi yake ya siku nyingi. Kengele ikishalia saa moja, kila aliyechelewa alipewa jembe akalime bustani ya shule mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Na kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu.

Siku moja baada ya masomo aliwaita walimu kivulini barazani, akawaambia alichokiona. Watoto wa vilimani, alisema, ndio wakulima bora wa shule hii, na hesabu hawaijui hata moja, kwa kuwa kila hesabu inapofundishwa wao wako bustanini. Basi kuanzia Jumatatu shule nzima itaanza siku kwa bustani, wa karibu na wa mbali, mtoto wa jumbe na mtoto wa yeyote. Hesabu itafuata, wote wakiwa wamefika. Tena ule muhogo wa bustani, ambao zamani uligawanywa majumbani kwa walimu, sasa utapikwa adhuhuri uliwe na watoto wanaotoka mbali. Hilo la muhogo liliwauma kidogo, lakini hapakuwa na mwalimu aliyekuwa tayari kugombania muhogo mbele za watu.

Kisha akataja madarasa. Kondo, kijana ambaye hajasomea ualimu na ambaye ndiye aliyeachiwa darasa la kwanza, atakwenda la nne kujifunza kazi chini ya Nikodemo mwenyewe. Na la kwanza atachukua Mwalimu Abdulrahmani.

Abdulrahmani alidhani hakusikia vizuri.

"La kwanza?"

"La kwanza, Mwalimu."

"Mwalimu Mkuu, la kwanza anaweza kufundisha mtu yeyote."

"Ndivyo tulivyofanya," Nikodemo alisema kwa upole. "Tumewapa mtu yeyote. Ndiyo maana wanaishia la pili."

Alipofika nyumbani Abdulrahmani hakula. Alimweleza mkewe, Mwanaasha, jinsi alivyovunjiwa heshima, kwamba mtu wa cheti na sifa kama yeye anapelekwa kuwafuta watoto makamasi. Mwanaasha alikuwa akipepeta mchele. Alicheka mpaka akauweka ungo chini. Akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe hujisifu kuwa hata jiwe akipewa atalifundisha kusoma. Abdulrahmani akasema kesho hiyo hiyo anakwenda Masoko, makao ya wilaya, kumwona Bwana Elimu, msimamizi wa shule zote, ahamishwe. Mwanaasha hakumpinga. Alimshauri tu angoje muhula uishe, kwa sababu mwenye kukimbia siku ya kwanza huitwa mshindwa, na mwenye kungoja anaweza kusema walioshindwa ni watoto. Ushauri huo ulimkaa vizuri, akaomba chakula.

Basi akaingia darasa la kwanza kama mgeni aliyekosea nyumba. Watoto walikaa chini kwenye mikeka, wa kijijini mbele, wa vilimani nyuma ukutani. Akaandika herufi zake nzuri ubaoni, na kwa kila herufi akatoa neno la mfano: d ya dau, k ya kasa, p ya pweza. Wa mbele waliitikia. Wa nyuma walimkodolea macho. Akadhani hawasikii, akapandisha sauti. Mmoja aliuliza kwa woga pweza ni nani. Abdulrahmani, aliyekuwa akila pweza tangu utoto, akaona hapo ndipo pa kuonyesha ufundi. Alieleza kwamba ni mnyama asiye na mifupa, mwenye mikono minane, anayejificha mwambani, akishika haachi, na akikasirika hutapika wino. Akanyoosha mikono na vidole kuonyesha anavyotambaa. Kasichana kamoja ka nyuma kakaangua kilio kikubwa, kakatoka mbio, na wenzake wawili wakakafuata.

Nikodemo alikuwa amekaa palepale nyuma, kwenye mkeka. Alingoja watoto watoke kwenda kucheza.

"Yule aliyelia, anaitwa nani?"

Abdulrahmani hakulijua jina lake. Alimjua kuwa ni wa mlimani. Wote wale aliwajua kwa jina hilo moja, wa mlimani. Nikodemo alikuna kichwa, akasema hata yeye amekuwa akitaka kupanda Luhingo kuwajulia hali wazazi, ila baiskeli yake haipandi kule.

Mtoto hakuonekana siku iliyofuata, wala ya pili yake. Abdulrahmani alijiambia kwamba ndiyo hivyo, hawa hawataki shule. Lakini kila alipogeuka kutoka ubaoni, macho yake yalikwenda pale ukutani palipokuwa wazi, na jambo hilo lilimuudhi. Hakuzoea kukimbiwa. Enzi za Kondo, ambaye alikuwa akisinzia kitini, watoto walikuwa hawakimbii. Alhamisi, shule ilipofungwa, akamwambia Nikodemo kwamba anapanda mwenyewe Luhingo, akathibitishe kwa macho yake kuwa wazazi wa kule hawana haja na elimu, ili neno hilo liishe. Nikodemo akamtakia safari njema.

Aliwafuata watoto wanaorudi. Mwanzoni alitangulia yeye, kama mwalimu anavyopaswa. Baada ya kijito cha kwanza walikuwa sawasawa. Njia ilipoanza kupanda, viatu akavitia mkononi, koti begani, na watoto wakawa mbele wakimngoja kila kona kwa adabu, bila kucheka, jambo ambalo lilimwumiza zaidi kuliko kama wangecheka. Hakuwa amewahi kufikiri Luhingo iko mbali namna ile. Ilikuwa mbali kwa mtu mzima aliyeshiba.

Mama wa mtoto aliitwa Apolonia, mjane, mkulima wa mpunga na muhogo. Alipoona mwalimu mzima amesimama uani kwake, jasho linamtiririka na viatu vimo mkononi, alishika kifua akidhani kuna msiba. Alipotulia alimletea maji, akamtuma mtoto kwenda kumwita jirani yake Mwislamu, Mzee Dadi, aje achinje kuku ili mgeni ale bila wasiwasi. Abdulrahmani alimwamkia mzee shikamoo, wakakaa jamvini. Kasichana kalichungulia mlangoni, kakamwona, kakarudi ndani.

Apolonia alisema mtoto wake anaitwa Romana, na hakumkataza shule. Alikuwa amemsihi, hata amemtisha kwa fimbo. Mtoto anasema kule kuna mnyama wa mikono minane. Abdulrahmani akaona aibu, akaeleza kuwa pweza ni kitoweo tu na hapandi vilima. Mzee Dadi, ambaye aliwahi kufika pwani, alicheka akathibitisha.

Lakini Apolonia hakucheka. Alikuwa akimenya muhogo, macho yako kwenye kisu.

"Mwalimu, usinione mkosa adabu. Mtoto huyu nyumbani anasema toka alfajiri mpaka analala. Shuleni, ananiambia, hajasema hata neno. Nikamwuliza, mwalimu anakuitaje? Akasema, haniiti." Akaokota kipande kingine. "Sasa mtoto asiyeitwa ataitika nini?"

Abdulrahmani akaita kuelekea mlangoni, si kwa sauti ya darasani, "Romana." Ikabidi arudie. Kasichana kakatoka, kakasimama nyuma ya mama yake. Akamwuliza kazi yake hapa nyumbani ni nini. Akajibiwa kwa mkato kuwa ni kuwafukuza nguruwe. Akauliza wanafukuzwaje, na hapo ikawa kama amefungua bwawa. Romana alieleza nguruwe wanaingilia upande gani wa shamba, yule dume mwenye jino lililovunjika ana hila gani, debe linapigwaje na saa gani, na kwa nini kaka yake ni mwoga. Alichanganya Kiswahili na Kimatumbi, na Abdulrahmani akafahamu nusu, nusu akaikosa, akawa anaitikia tu kwa kichwa. Ilimjia kwamba ndivyo wanavyoitikia wale wa ukutani.

Alilala Luhingo. Jogoo la kwanza watoto walikuwa wameshajikusanya njiani, na yeye pamoja nao. Umande uliilowesha kanzu mpaka magotini. Kwenye kijito Romana alimwonyesha jiwe lisiloteleza. Walipofika Nangumbu kengele ilikuwa imelia zamani, na Abdulrahmani aliwaona watoto wa jumbe na wa mwenye duka wakirudi kutoka bustanini na majembe mabegani, wanaelekea madarasani. Hesabu ilikuwa haijaanza. Watoto wa Luhingo waliweka vifurushi vyao chini, wakaingia pamoja na wenzao, hawajakosa kitu. Akasimama pale uwanjani na kanzu yake ya matope, akawatazama wanavyoingia.

Asubuhi hiyo aliwapanga upya, wa nyuma wakachanganyika na wa mbele. Akawauliza majina, mmoja mmoja, akayaandika ubaoni kwa ule mwandiko wake, na kila mtoto akaja kuligusa la kwake. Kisha akaacha kasa na pweza, akaandika neno refu moja, akaliuliza darasa kama kuna anayemjua mnyama huyu. Lilikuwa nguruwe. Vicheko viliruka mpaka la nne wakasikia. Kila mtoto wa vilimani alikuwa na kisa chake cha nguruwe, na kila mmoja alitaka kuona jina la mnyama huyo linavyokatwa vipande: ngu, ru, we. Watoto wa kijijini ndio waliokaa kimya siku hiyo, wakisikiliza.

Jumbe Huseni alikuja mchana na uso mzito. Mwanawe wa mwisho alikuwa humo darasani, na amerudi nyumbani akiimba jina la haramu. Je, hivi ndivyo afanyavyo Mwislamu?

"Nimemwandika, Jumbe," Abdulrahmani alisema. "Sikumla."

Jumbe alijaribu kuendelea kukasirika lakini midomo ilimsaliti.

Muhula ulipoisha Mwanaasha alimwuliza safari ya Masoko ni lini. Akasema yuko katikati ya silabi, haiwezekani kuondoka sasa. Mkewe akaendelea kupepea moto.

Wasidhani watu kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Mwaka ulipokwisha, matokeo ya darasa la nne yalikuwa mabaya kuliko miaka yote. Kondo alikuwa bado mbichi, na Nikodemo aligawanyika kati ya darasa na shule nzima. Wazee wakaja na Jumbe, wakajaa baraza la shule. Walisema mengi: watoto wao wanalimishwa asubuhi kama wafungwa, muhogo wanakula wengine, na mwalimu bora amefichwa kwa watoto wachanga. Nikodemo alisikiliza yote. Alikiri kwamba la nne limeanguka na kwamba lawama ni yake, lakini hakuahidi kurudisha mambo yalivyokuwa. Sauti zikapanda. Mwishowe Jumbe akasema aulizwe Abdulrahmani mwenyewe. Akitaka darasa lake arudishiwe leo hii, na kama ni kwenda Masoko kwa Bwana Elimu watakwenda wote.

Wote wakamgeukia. Abdulrahmani alikuwa ameota siku hiyo. Maneno yalikuwa matamu masikioni mwake, hakuna haja ya kuficha, na kwa kitambo aliyaacha yakae. Kisha akasimama.

"Jumbe, wazee wangu. Wale niliokuwa nikiwapeleka shule ya kati walikuja kwangu wanajua kusoma. Mwalimu wa chuo alishawafungua macho, na nyinyi majumbani mkawaongezea. Mimi nilimalizia. Mbuzi mliyekuwa mkinichinjia, mapaja yake yalikuwa ya mwalimu wa chuo." Watu wakacheka kidogo. "Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza nimefundisha mtoto ambaye bila mimi asingejua. Na watoto wenu wamo humo humo. Jumbe, mwanao anasoma. Mwulize usiku wa leo. Niacheni nao."

Jumbe alimwuliza mwanawe kweli, na mtoto akamsomea ukurasa mzima, mpaka akachoka kusikiliza. Malalamiko yalipungua. Hayakwisha, yalipungua.

Miaka iliyofuata ilikuwa na mabonde yake. Mwaka mmoja mvua zilikataa, na nusu ya watoto wa Luhingo wakabaki makwao kuchimba mizizi ya porini. Nikodemo alipanda vilima kwa miguu kuwabembeleza, na baadhi hawakurudi tena. Wasichana wawili waliozwa kabla ya kumaliza la tatu, na Abdulrahmani alinuna siku nyingi kana kwamba ni wanawe. Lakini wale aliowaandikia majina ubaoni walipofika la nne, Kondo naye alikuwa ameshakomaa, na matokeo yalipokuja mwenye kuyasoma alilazimika kuyasoma mara mbili. Haijapata kutokea Nangumbu kupeleka watoto wengi kiasi kile. Wa kijijini walikuwamo, wa vilimani walikuwamo, na huwezi kuwatenga mpaka uwaulize wanakokaa. Mwana wa jumbe alikuwamo. Romana alichukuliwa na shule ya wasichana ya masista, na Apolonia alitelemka kumsindikiza amevaa kitenge kipya, akiwasalimia watu wote njiani, hata asiowajua.

Mara baada ya hapo Nikodemo akahamishwa. Walisema kuna shule Songo Songo ambayo imelala na inataka mtu wa kuiamsha. Alicheka kwamba mtu wa Rondo asiyejua kuogelea anapelekwa kisiwani. Siku ya kuondoka, baiskeli yake ikiwa imeshafungwa juu ya lori, Abdulrahmani alisimama naye pembeni. Kulikuwa na neno lililomkaa moyoni miaka yote hiyo.

"Mwalimu Mkuu, siku ile uliponipa la kwanza. Ulitaka kunishusha?"

Nikodemo alitikisa kichwa.

"Hapana. Nilikaa nyuma ya kila mwalimu hapa, nikawatazama. Nilikuwa nataka mwalimu ambaye watoto wakishindwa, yeye ndiye ataona haya. Wengine, watoto wao wakishindwa, wanalala usingizi. Wewe nilijua hutalala."

"Kwa hiyo ulitumia maringo yangu."

"Nilitumia nilichokikuta," Nikodemo alisema, wakacheka wote wawili, wakapeana mikono kwa muda mrefu.

Lori lilipopotea kwenye vumbi, Abdulrahmani aligeuka. Bwana Elimu alikuwa ameshamwambia kwamba ukuu wa shule ni wake kuanzia siku hiyo, na mezani ofisini kulikuwa na mambo yanayomngoja. Lakini kutoka darasa la kwanza kulisikika ghasia ya watoto walioachwa peke yao, mmoja amepanda juu ya meza ya mwalimu, wengine wanampigia makofi. Alikunja mikono ya kanzu, akachukua chaki, akaingia humo kwanza.